Pijo ya Ukoo na Mawe ya Barabara ya Ziwani

Katika mazishi ya Ansgar, msoma wasifu alipofika kwenye ujana wa marehemu alisema kwamba "alishiriki mashindano ya magari lakini hakubahatika," kisha akaendelea na idadi ya wajukuu. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai, mstari wa pili, miongoni mwa wastaafu wenzangu, nikajikuta nimesimama. Kijana aliyekuwa akisimamia ratiba alidhani natafuta msalani, akaninyooshea kidole upande wa nyuma ya nyumba. Niliketi tena, kwa sababu msibani si mahali pa kuomba mwongozo. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimeitumikia Serikali tangu ujana hadi kustaafu kwa mujibu wa sheria, na sikuzoea kuiacha taarifa isiyo sahihi ipite mezani kwangu bila alama ya wino mwekundu. Bahati haikuhusika hata kidogo katika jambo lile. Gari halikuharibika, dereva hakukosea, wala msomaji wake wa njia, ambaye nilikuwa mimi, hakusinzia. Kilichotokea ni kitu kingine, na kwa kuwa waliokijua wanapungua, naona ni wajibu wangu kukiandika kama kilivyokuwa, ingawa nakiri tangu mwanzo kwamba sikukielewa wakati ule, na sina hakika kama nakielewa sasa.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa Mbinga. Mimi nilikuwa Afisa Biashara Msaidizi, kijana wa Kilwa niliyepelekwa huko kwenye baridi nikiwa na sweta moja, na kazi yangu ilikuwa imegeuka pasipo mtu kunieleza imegeuka kuwa nini. Bidhaa nilizokuwa nikizikamata madukani mwaka uliotangulia, sasa niliagizwa nizikaribishe. Wafanyabiashara niliowaandikia barua za onyo walikuja ofisini wakiwa wamevaa miwani ya jua, wakanipa mkono. "Afisa, sasa ni ruksa," waliniambia, nami nilitafuta waraka unaosema hivyo nisiuone. Nyumba niliyopanga chumba ilikuwa ya Ansgar, dereva wa lori la ushirika, aliyezaliwa kijiji kimoja kilicho kando ya barabara iteremkayo ziwani, Mbamba Bay. Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa mbao za paa, kwa hiyo kila lililosemwa upande wa pili lilipanda, likageuka chini ya bati, na kunishukia kitandani. Hivyo ndivyo nilivyojua, kabla hajaniambia mwenyewe, kwamba ushirika ulikuwa unapunguza madereva na kwamba jina la Ansgar lilikuwa linatajwa.

"Watakuacha?" niliisikia sauti ndogo ya mkewe, Winfrida, asubuhi moja, akipuliza moto.

"Kahawa yote inaenda kwa huyu mnunuzi mpya. Lori la ushirika litabeba nini, mama? Matangazo?"

"Basi nenda kwa huyo mnunuzi mpya."

"Wamekwenda madereva wa wilaya nzima. Amesema ataweka mashindano. Mbinga hadi Mbamba Bay, kwa gari ndogo. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayepewa usukani wa malori yake yote. Anataka watu wamwone."

"Gari ndogo unayo wewe?"

Nilisikia kuni zikisukumwa mekoni. Kisha Winfrida akasema, "Ansgar. Usiniambie unaifikiria Pijo ya ukoo."

Naomba msomaji aelewe vizuri Pijo ile ilikuwa nini. Ilikuwa gari la saluni, Peugeot kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, ambayo ukoo wa Ansgar uliinunua kwa mapadri baada ya mavuno mazuri ya kahawa. Haikuwa ya mtu mmoja. Iliwapeleka wagonjwa hospitali ya misheni, ikawarudisha waliopona na wasiopona, na kila bibi arusi wa ukoo aliketi kwenye kiti chake cha nyuma. Ansgar aliiendesha, lakini aliyeitawala alikuwa Mzee Hyasinti, baba yake mkubwa. Mzee huyo alikubali ombi la Ansgar kwa sharti moja: mashindano yakiisha, kiti cha nyuma kirudi mahali pake. Naona hadi leo kwamba lilikuwa sharti la hekima, kwa maana lilikuwa linatekelezeka, tofauti na mengi niliyoyapokea ofisini mwaka ule.

Basi tukaanza kuibomoa. Nasema "tukaanza" kwa sababu nilikuwa nimeshaingizwa, bila barua ya uteuzi. Kiti cha nyuma kiling'olewa kwanza, kikawekwa sebuleni kuwa kochi. Kapeti, pazia za madirisha na kitambaa cha juu vilifuata, mpaka ndani pakabaki mabati matupu yaliyolia kama debe. Ansgar alikata mabomba ya maji, akayachomelea yawe fremu ndani ya gari, ili likipinduka paa lisitulalie vichwani. Springi alizibadilisha akaweka nzito, na juu yake akapachika vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi la lori, gari likainuka kama mwanamke aliyekunja khanga kuvuka mto. Chini ya injini alifunga bamba nene la chuma, lililokatwa kwenye chesisi ya lori lililofia kijijini Matiri. Bomba la moshi lilipandishwa. Bomba la petroli lilipitishwa ndani, lisikatwe na mawe. Kofia za pikipiki tuliziazima, moja kwa paroko na nyingine kwa Bwana Mifugo, na ile ya Bwana Mifugo, niliyoivaa mimi, ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kila siku gari lilizidi kuwa zito na refu. Majirani walikuja kukaa kwenye kochi jipya, wakanywa chai, wakaangalia uani na kucheka.

"Hili ni gari au trekta?" aliuliza mama mmoja jirani.

"Wenzako wa Songea wanapunguza uzito, shemeji," alisema mwingine. "Nimeona gari la yule kijana wa duka la vipuri. Liko chini, jekundu, likipita hata kuku hastuki."

"Litapita wapi?" Ansgar alijibu akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Barabara ya ziwani mnaijua. Mimi sishindani na magari. Magari yatashindana na mawe, na mawe ndiyo yatakayonishindia. Acha hao wa chini waje. Nitawapungia mkono wakiwa wanaokota injini zao."

Hilo ndilo lililokuwa lengo lote la gari lile, na lilikuwa sahihi. Tulishuka na kupanda barabara hiyo mara nyingi katika wiki zile, yeye akiendesha, mimi nikiandika. Nilikuwa na ubao wenye kibanio na karatasi za ofisini zilizotumika upande mmoja, na juu yake niliweka kila kona, kila korongo, kila jiwe lenye kichwa cha kuua. Siku ya mashindano kazi yangu ingekuwa kumsomea kwa sauti kabla hajayaona. Sina sababu ya kujivuna, lakini sidhani kama kuna kipande cha barabara katika mkoa ule kilichowahi kuorodheshwa kwa uaminifu kama kile. Ansgar aliyapa mawe majina. Kulikuwa na Katekista, kwa sababu lilisimama katikati ya njia na halikupisha mtu. Kulikuwa na Mama Mkwe, lililojificha baada ya kona. Chini yake, mahali ambapo maji yalikuwa yamekata barabara vipande viwili, alipaita Mahakamani.

Jumamosi moja kabla ya mashindano alinichukua kwao kijijini, kwenye sengu. Kwa wasiowajua Wamatengo, sengu ni mahali ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao. Kila nyumba huleta chakula chake, na mambo ya ukoo huzungumzwa hapo kabla mikono haijanawishwa. Kibanda kilikuwa cha matofali mabichi, na moshi umekipaka weusi unaong'aa. Milango miwili ilitazama mteremko wa mashimo ya ngolo, yale ambayo watu wale huyachimba mlimani safu kwa safu ili mvua isiondoke na udongo, na kutoka mlangoni mlima mzima ulionekana kama sega la nyuki. Waliniheshimu sana. Jogoo nililetewa nimchinje mwenyewe, kwa kuwa mimi ni Mwislamu, na Mzee Hyasinti alisimama kando akinishikia kikapu.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayemsomea huyu njia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Njia ya kwetu inasomwa?" Wazee walicheka, nami nikacheka kwa adabu. "Haya. Tusomee na sisi."

Nilimtazama Ansgar, akaitikia kwa kichwa kuniruhusu. Nikasoma. Nilisoma orodha yote, kutoka mjini hadi mteremko wa mwisho, nikitaja jiwe liko upande gani, kona ya nani, karibu na mgomba upi, korongo lina kina gani. Hawakucheka tena. Mzee mmoja alisema, "Hilo ni pale kwa shemeji Otmari." Mwingine akaguna. Nje, wanawake waliokuwa wakipakua chakula, Winfrida akiwamo, walikuwa wamesogea mlangoni. Nilipomaliza, Mzee Hyasinti alisema maneno machache kwa Kimatengo, bila kupaza sauti. Birika la maji likaanza kuzunguka. Kila mwanaume alinyoosha mikono akanawa. Lilipofika kwa Ansgar, aliliangalia kidogo, kisha naye akanawa. Kisha likaja kwangu.

"Mzee amesema nini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Amesema wazee wamesikia," Ansgar alijibu, akauvuta ugali. "Nawa, Afisa, mboga inapoa."

Nikanawa. Tulikula jogoo wangu, maharage, na samaki aina ya mbasa aliyeletwa kutoka ziwani, na sikumbuki kama niliwahi kula vizuri zaidi katika utumishi wangu wote.

Wiki ile iliyofuata hatukuwapo Mbinga. Magari yote yalitakiwa kukaguliwa Songea, na huko tulisubiri shokapu ambazo kila siku zilikuwa "njiani". Ansgar alikuwa kimya, nikadhani ni hofu ya kupoteza kazi. Tulirudi siku moja kabla ya mashindano, na asubuhi yake tukajipanga mbele ya ghala la kahawa pamoja na wengine, ngoma ya shule ikipigwa, mnunuzi mpya akiwa juu ya lori na kipaza sauti. Gari jekundu la kijana wa Songea lilikuwa chini kiasi kwamba nilimwonea huruma. Niliwaza: Katekista anakungoja. Tuliruhusiwa wa kwanza kuondoka, kijana yule akatufuata baada ya muda mfupi. Mjini tulipita vizuri. Tulipoanza milima, nilifungua karatasi.

"Kulia, kona kali," nilisoma. "Korongo kushoto."

Kona ilikuwapo. Korongo halikuwapo. Mahali pake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, ulioshindiliwa, wenye alama za nyayo.

"Jiwe katikati," nilisoma. "Katekista!"

Katekista hakuwapo. Pembeni mwa njia palikuwa na shimo jipya na kundi la watoto wameketi juu ya kitu kikubwa, wakipunga matawi. Nilidhani nimeruka ukurasa. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele. Kichwani nilijiambia tumepotea njia, kwamba tumeingia barabara ya Mpepai au nyingine yoyote, na kwa muda nilitazama jua nijue tunaelekea wapi. Mgomba ulikuwa uleule, nyumba ya shemeji Otmari ilikuwa ileile. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ameegemea jembe, ameinua mkono.

"Ansgar, hii siyo barabara!" nilipiga kelele.

"Ni yenyewe. Soma."

"Nisome nini? Hakuna kitu!"

Alibadili gia. Barabara ilikuwa imefagiliwa. Kila mahali nilipoandika hatari, kulikuwa na kifusi kilichosawazishwa, na kando yake watu: wanawake wenye watoto mgongoni, wazee, vijana wa kwaya wakiwa na sare zao, wote na majembe, wote wakishangilia jina lake. Mahakamani palikuwa pamejazwa mawe na udongo, na juu yake wameweka majani mabichi kama yanayotandazwa kwa ajili ya askofu. Pijo yetu, yenye springi za mizigo na bamba lake la chuma na mabomba yake ya maji, ilipita juu ya majani yale ikiwa nzito kama kabati. Nilisikia honi nyuma yetu. Gari jekundu lilitupita kwenye sehemu iliyonyooka, likiteleza chini chini kama nyoka kwenye mkeka, na kijana wa Songea akatupungia mkono. Baadaye likatupita la bluu. Kisha ziwa likaonekana chini, pana na tulivu, na mimi nilikuwa bado nimeshika ubao, nikisoma kwa sauti mawe ambayo hayakuwapo, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mbamba Bay tulifika wa tatu, na usukani wa malori ulikwenda Songea. Mzee Hyasinti alikuwa ametangulia kwa lori la chumvi, amekaa kwenye kivuli cha ghala akiwa na koti lake la kanisani. Nilishuka nimejaa hasira ya haki. Nilikuwa nimeshatunga hotuba: nani aliyeamuru, kwa idhini ya nani, na kwa nini wahusika hawakuarifiwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba tangazo lilikuwa limetolewa Jumapili baada ya misa katika vigango vyote vya barabara ile, mahali ambapo mimi, kwa dini yangu, nisingeweza kulisikia. Lakini mzee alimtazama Ansgar tu.

"Barabara ilikuwaje, mwanangu?"

Ansgar alivua kofia ya paroko. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, ila chini ya macho palikuwa na mistari miwili safi.

"Laini, Baba," alisema. "Sijawahi kupita njia laini kama ile."

"Tulifanya siku nne," alisema mzee. "Mpaka bibi yako alichota udongo."

"Asante, Baba. Wafikishie asante wote."

Nilipofungua kinywa, Ansgar alinikanyaga mguu. Mwezi uliofuata ushirika ulimwachisha kazi. Kiti cha nyuma kilirudishwa, kama sharti lilivyotaka, na aliishi kwa kulima kahawa na kupeleka wagonjwa mpaka Pijo yenyewe ikachoka. Mara nyingi, miaka iliyofuata, nilimuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli, ili angalau taarifa ikae sawa. Alikuwa anacheka. Mara moja tu alinijibu kwa uso mkavu: "Afisa, wewe umewahi kulimiwa barabara?" Nikamwambia Serikali ndiyo yenye jukumu hilo. Akacheka tena, nami nikaliandika jibu lile miongoni mwa mambo yasiyoeleweka.

Sasa nirudi msibani. Baada ya maziko niliingia sebuleni kumpa pole Winfrida. Kwenda kwao nilikuwa nimepita lami tupu, gari likiteleza bila mtikisiko mmoja, na sikumwona Katekista wala Mama Mkwe. Winfrida alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha Pijo, ambacho kimerudi kuwa kochi baada ya gari lenyewe kuuzwa chuma chakavu. Alipapasa nafasi kando yake, nikaketi. Nikamweleza kwa upole kwamba wasifu una kasoro, kwamba neno "hakubahatika" haliendani na ukweli, na kwamba niko tayari kuandaa marekebisho, kwani marehemu alishindwa kwa sababu wazee walitengeneza barabara bila yeye kujua.

"Bila yeye kujua?" alisema. "Nani amekuambia?"

"Mzee alisema tu kwamba wazee wamesikia. Ansgar mwenyewe alinitafsiria."

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuniweka.

"Shemeji, mimi nilikuwa mlangoni na sufuria la maharage. Mzee alisema: 'Mtoto wetu hatapita kwenye mawe haya sisi tukiwa na majembe. Asiyekubali asinawe.' Ndivyo alivyosema. Hakuna hata mmoja aliyeacha kunawa."

"Na Ansgar akanawa."

"Akanawa. Ningekuwa mimi ningelia. Kazi yake ilikuwa mle kwenye mawe, na alijua. Njia nzima ya kwenda Songea alijua." Alinyoosha khanga magotini. "Angekuambia wewe, ungekwenda kwa Mzee na karatasi zako."

Ni kweli, ningekwenda. Nilikaa pale, mikono yangu juu ya kitambaa cha kiti walichokalia wagonjwa na mabibi arusi, nikijaribu kuipanga upya taarifa yangu, na kila nilipoanza sentensi haikupata mwisho. Mtu aliyeviona vyote viwili, kazi yake na birika la maji, akanyoosha mikono, halafu akapanda gari akaendesha kwa nguvu zake zote katika barabara ambayo ilikuwa imemshinda kwa kumpenda: sijui mtu huyo anaandikwa katika safu ipi. Winfrida aliniuliza nataka wasifu usomeke vipi, maana wajukuu wangeuchapa. Nilitoa kalamu. Nililikata lile neno moja, hakubahatika, kama nilivyokuwa nimekusudia tangu nilipokuwa nimesimama chini ya turubai, ila sababu iliyonisimamisha haikuwapo tena. Winfrida alisubiri niandike neno jingine mahali pake. Birika la maji lilikuwa linazungushwa kwa waombolezaji, likafika kwetu. Nikafunga kalamu, nikanawa.